Giga Nane

Maji yalipoondoka Kigogo yaliacha mstari ukutani,
juu kidogo ya swichi,
na tope ndani ya masufuria yaliyokuwa yamefunikwa.
Simu niliikuta siku ya tatu, chini ya kabati,
kioo kimevimba kama jicho la mtu aliyelia usiku kucha.

Kila jirani akawa daktari.
Ifukie kwenye mchele, alisema Mama Semeni,
na mchele wenyewe ulikuwa wa msaada, kilo mbili, watu sita.
Ianike. Ipulize. Usije ukaiwasha.
Nilikuwa nimeshaiwasha.

Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, ngazi za nyuma:
fundi Ngwembe ana meza ndogo kama sinia
na taa inayoinama kama bibi anayetunga uzi kwenye sindano.
Akaifungua. Maji ya rangi ya chai yakadondoka
juu ya gazeti la michezo.
Hii imekwenda, alisema. Hakutafuta neno laini.
Kisha akachomoa kadi,
nyeusi, ndogo kuliko ukucha alioichomolea,
uso ukamkunjuka.
Hii haina betri, dada.
Kisicho na moto ndani, maji yatazima nini?
Na mchele huo kapikeni.

Ina meno manane, ya rangi ya dhahabu.
Akayasugua kwa mswaki wa mtoto uliochovywa spiriti,
polepole, jino kwa jino.
Kinachoua ni kutu, alisema,
na kutu haiji siku ya mafuriko,
huja wiki ya pili, watu wakishaanza kucheka.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu:
video ya harusi ya Mwajabu, dakika sita,
mama na gauni lake la kijani, anacheza huku ameshika viatu mkononi,
mwezi mmoja kabla ya presha.

Kompyuta ikauliza: nifomati?
Hapana! fundi akaijibu kwa sauti,
kama anayemkataza mtoto asishike pasi.
Akachomoa. Akapuliza. Akarudisha.
Mara ya tatu mafaili yakaanza kuteremka,
hayana majina, yana namba tu.

Video haikuwemo.
Niliihifadhi mwenyewe kwenye simu, siyo kwenye kadi.
Kadi hupotea, nilisema.

Kilichokuwemo:
risiti ya mabati,
kitambulisho cha Mfaume, mbele, nyuma, mbele tena,
picha kumi na moja za kidole changu.
Na sauti moja, sekunde hamsini.
Nikaikumbuka. Luku ilikuwa imekata, kalamu haionekani,
mama ameishika simu yake mbali na macho,
nami kwa uvivu nikabonyeza rekodi.

Sifuri, saba, nne, nne. Umeandika?
Sita. Moja. Subiri,
hii ni tatu au nane?
Nyuma yake kitu kinakaangwa, mafuta yanapiga kelele.
Mtu anabisha hodi, mama anamkaribisha
katikati ya namba, anampotelea humo,
anacheka, anaanza upya.
Tatu au nane, sijui. Weka nane.

Fundi alikuwa amezima feni ili nisikie.
Hakuuliza ni nani.
Tulipatana elfu tano, akapokea, akanirudishia mbili,
akavuta simu ya mtu mwingine.

Jana usiku nilisimama mbele ya mita,
kadi imo kwenye simu ya kuazima, sauti nimeipunguza,
watoto wamelala.
Umeme ule tuliumaliza zamani,
kwa pasi, kwa taa, kwa tamthilia alizokuwa akizisinzilia.
Nikaziingiza namba zote ishirini, anazisoma, nabonyeza,
mpaka ile aliyoibahatisha.

Mita ikakaa kimya kidogo.
Imetumika, ikaandika.

Kumbe ilikuwa nane.