Asilimia Mia

Thunder Bay, Januari. Theluji imeziba dirisha
la chumba cha chini, nami napima ubao
ambao bado haujajua utakuwa nini.

Plaiwudi iliuzwa kwa inchi. Vitufe vimekuja kwa milimita.
Kanada ndivyo ilivyo: barabara twazipima kwa kilomita,
watoto kwa futi,
na baridi hatuipimi, tunaitukana tu.
Nimechagua milimita. Inchi nimeifukuza mezani.

Upana mia sita na kumi, kina mia mbili arobaini.
Tundu la kitufe, kipenyo ishirini na nane,
lakini ukingo wake unameza hadi thelathini na tatu,
na kilichomezwa na ukingo hakionwi tena na mtu.
Usichore pale kitu unachokipenda.
Hilo nimelijua kwa kuchelewa.

Nimechora mbweha, kwa kuwa sisi ni akina Kettunen
na mbweha yumo ndani ya jina.
Mkia unaanzia penye kijiti cha kuongozea,
unazunguka, unapanda mgongo,
na jicho,
jicho nililolihamisha siku tatu huku na huku,
ndilo kitufe cha kwanza, cha njano, chenye taa.

Kwenye skrini kila kitu kilienea.
Skrini ni mwongo mwenye adabu:
ukikuza, ndiyo bibi; ukipunguza, ndiyo bibi.

Nikachapa karatasi tatu, nikaziunga kwa utepe,
nikazilaza juu ya matundu.
Mkia ulikaa. Bega likapotoka kidogo.
Kufika kulia, jicho limehama karibu upana wa kidole,
limeteleza shavuni,
mbweha ananitazama kama mlevi anayetafuta funguo.

Pembeni nilikuwa nimechora mraba wa kujaribia,
mia kwa mia. Rula ikasema tisini na saba.
Nikapima tena, kana kwamba rula ina huruma.
Kumbe printa, kwa wema wake, imepunguza kila kitu
kisigonge ukingo wa karatasi.
Nani aliiuliza?

Asilimia tatu. Kwenye mkopo, ni nafuu.
Kwenye chumvi ya supu, hakuna atakayejua.
Hapa kosa halikai mahali pamoja,
linatembea na ubao, linanenepa njiani,
na mwisho linakaa juu ya jicho.

Matundu yenyewe sikuyatoa kwenye ramani ya mtu.
Ramani zote zina mkono wa vidole vitano,
na mkono wa kulia wa Tauno una vitatu,
tangu msumeno wa kiwanda cha mbao, ile zamu ya usiku.
Krismasi, sahani zikiwa bado mezani,
niliulaza mkono wake kwenye karatasi ya keki
nikauzungushia penseli.
"Unanipimia jeneza?" akacheka.
Nikamwambia nyamaza, usitikisike.

Karatasi ile haijapita kwenye printa yoyote.
Ina mafuta ya siagi, ina asilimia mia.
Na pale ambapo ubao wa wengine una vitufe viwili,
vya kidole cha kati na cha pete,
sikutoboa. Nimeacha manyoya tu,
mekundu, unywele kwa unywele,
usiku mzima wa manyoya.

Nikaondoa ile tiki kwenye kisanduku. Nikachapa upya.
Mraba: mia. Jicho likaingia tunduni
kama aliyeitwa kula.

Jumamosi alikuja, viatu vinachuruzika,
akauweka mkono, na visiki viwili
vikatua juu ya manyoya.
Hakusema kitu kuhusu manyoya.
Tulipokuwa wadogo, kwenye duka la kufulia nguo,
sarafu ya mwisho alinipa mimi
akasimama nyuma yangu, anapumua begani.
"Huyu anakula senti?"
Hali.
"Mbona ana jicho moja?"
Amegeuka upande, Tauno.
"Anaangalia nini?"
Nikamwambia, bonyeza.