Kigingi cha Tatu

Ngomeni, saa nne asubuhi. Mpima ardhi Thoya
kaegemea mlingoti wa chombo chake,
anasubiri setilaiti zikubaliane.
Jana kigingi kilikaa hapa, ubavuni mwa mkanju.
Leo chombo kinasema: pale,
ndani ya shamba la Mitsanze,
hatua mbili na nusu.

Jefwa anacheka. Dada yake hacheki.
"Nani kakusogeza?" anakiuliza kigingi.

Thoya anafungua simu, anasoma taarifa:
doa jeusi usoni mwa jua, pana kuliko dunia yote,
juzi usiku limetema moto;
vumbi lake limeshafika, litavuruga vipimo hadi kesho kutwa,
kisha, huenda, utulivu.
Huenda, anarudia. Hata wao wanasema huenda.

Mitsanze anakinga macho kwa kiganja.
Jua ni lile lile,
linakausha chumvi ya Gongoni bila kugeuza uso.
"Kumbe na lenyewe," anasema, "linadai fungu la baba."

Basi wanaketi, hawa wasiosemezana tangu matanga,
kungoja jua litulie.
Jefwa anatoa chungwa mfukoni,
analikata
kwa jicho tu.