Mngoje Chini

Nilipoambiwa mtaa unaitwa Ghala, nikacheka.
Kumbe ni maghala kweli, safu kwa safu,
mabati yanayomeremeta mpaka unafumba jicho moja.
Maskati, Juni, saa tatu asubuhi:
chuma kimeshaanza kuuma.

Kwenye mkataba wameniandika msaidizi.
Mwenyewe najiita mshika ngazi:
mguu wa kulia kwenye kipawa cha chini,
mikono miwili kwenye nguzo,
macho juu, simu ndani ya sanduku la spana.
Vumbi la viyoyozi hunidondokea kwenye kope.
Sifumbi.

Kijana mpya, Ndune, katoka Kaloleni juzi,
nguo zake bado zinanuka sabuni ya kwao.
Aliiona ngazi, akaivamia.
"Baba yangu mgema," akasema, "hajawahi kushikiwa."
Zahor, nyapara wetu (mama yake kazaliwa Wete,
Kiswahili chake bado kina chumvi ya Pemba)
akamshika ukosi, polepole, kama mtu atoaye mwiba:
"Usiniparamie ngazi kama mnazi, mwanangu.
Mnazi una mizizi.
Hii ina viatu viwili vya mpira,
na kimoja kimelika."

Akaigeuza, akamwonyesha. Akaifunga kitambaa chekundu,
maana yake imekufa mpaka ifufuliwe.
Tukaleta nyingine.

Akafundisha kwa vidole, bila karatasi:
ukienda juu dhiraa nne,
mguu wa ngazi uutoe ukutani dhiraa moja.
Miguu miwili na mkono, au mikono miwili na mguu,
daima vitatu vimeshika, cha nne ndicho msafiri.
Spana ipande kwa kamba, si kwa meno.
Vipawa vitatu vya juu waachie njiwa.
Na kitovu (hapo akajipiga tumbo)
kitovu kisivuke nguzo.
Kikishavuka umeshaondoka,
mwili unakufuata tu.

Nikatazama zege.

Barka, mwaka juzi. Taa moja ya duka la matairi.
Sikuwa mbali: kipawa cha tatu.
Ilibaki shibiri kuifikia,
nikaona uvivu kushuka nikasogeze ngazi.
Shibiri moja!
Kisigino cha kushoto kina parafujo tatu tangu siku ile,
kiyoyozi kikiwa kikali nazihesabu usiku.
Mama, kule Voi, nilimwambia nimeteguka.
Aliyepaswa kunishika alikuwa amekwenda kununua chai.
Simlaumu. Nilimtuma mimi.

Kwetu tuna msemo tunaoutema kwa tajiri, kwa mheshimiwa,
kwa jirani aliyeezeka vigae:
aliye juu mngoje chini.
Tunausema kwa pembe ya mdomo,
sikio limetegwa kishindo.
Mimi namngoja kweli.
Viganja vinalowesha alumini,
na ninachokiomba ni kishindo kisije.

Ndune akapanda. Akafungua, akasafisha, akafunga.
Akashuka uso kwa uso na ngazi,
ncha ya buti ikaipapasa ardhi
kabla ya kuiamini.

Saa sita na nusu jua likatufukuza, na sheria nayo.
Tukalala juu ya maboksi hadi tisa na nusu,
Shaji akikoroma Kimalayalam.

Nilipoamka Zahor alikuwa ananitazama.
"Kimebaki kiyoyozi kimoja. Shaji ana homa."
Hakusema zaidi.
Anajua sijapanda tangu Barka.

Nikaukagua mpira wa kushoto, nikaukagua wa kulia.
Nikapima dhiraa. Nikapima tena.
"Ndune, simu sandukuni.
Mguu weka hapo. Usinisemeshe.
Mpanda ngazi hushuka, watu husema;
wewe angalia nishuke kwa miguu yangu."

Akashika.
Nikainua kisigino cha kushoto kwanza.