Kiraka

Mvua ilikatika nje saa nne.
Ndani ya gereji ikaendelea hadi adhuhuri,
tone kwa tone, kwenye kiti cha mwalimu wa Ngala
aliyeniachia gari lake likiwa kavu.
"Dzame," akaniambia, akifuta kwa leso,
"hili ni paa au chekeche?"

Basi nikaanza kuulizia.

Makuti, akasema Bi Rukia wa mkahawani,
makuti yana baridi, hata Wataliano wameyapenda,
wanalala chini yake mchana kutwa kama kenge.
Kweli. Lakini Wataliano hawachomelei ekzosi chumbani.
Cheche yangu moja ikipanda kwenye ukuti mkavu,
Maweni nzima itatoka na ndoo.

Vigae nilikwenda kuvitazama,
vyekundu, vimepangwa kama magamba ya changu.
Nikazikumbuka boriti zangu: mchwa wamekwisha kuzila,
wameacha gome kwa heshima tu.
Kigae kimoja na paka mmoja, tumekwisha.

Alumini haishiki kutu.
Wala haishikiki.

Likabaki bati.
Nalo bati lina ukoo, kama watu.
Geji thelathini, jembamba kama manda za sambusa,
chumvi ya hapa italimaliza kabla sijamaliza deni lake.
Geji ishirini na nane, la kijani, ukiligonga
linajibu kwa sauti nzito, kama mtu aliyekula.
Hilo ndilo nililolitaka.
Hilo ndilo Bwana Shekuwe aliloliwekea kiganja
akaniambia, "Baba yako nilimheshimu, mwanangu.
Mkopo sitoi."

Nikarudi nikamwambia Mwambire apande hivyo hivyo,
avue yaliyooza, tutafunika turubai, Mungu ni mwema.
Akavua. Misumari ya kofia ikatoka bila ubishi.
Jua likaingia mahali ambapo halikuwahi kufika
likaona kila kitu: spana namba kumi na saba
niliyoitafuta miaka miwili, nyavu za buibui zenye masizi,
kiatu kimoja cha Baba.
Nami nikapoteza saa yangu, maana palikuwa na tundu
ambalo nuru yake ikigusa jiliwa
ni wakati wa chai.

Juu ya stoo palikuwa na bati chini ya bati.
Mwambire akakibandua kile kiraka, akakigeuza,
akanyamaza.
Akaniteremshia.

Mwandiko wa Baba. Ile brashi ya kuandikia nambari za magari,
rangi nyeupe, herufi zimelala upande
kama yeye mwenyewe akichoka:

KAHINDI WA MAZIWA, PLAGI NNE, NUSU AMELIPA
PADRE, BETRI, AMESAMEHEWA
SHEKUWE, GIABOKSI YA PIKAPU, BADO

Ubao wa madeni.
Nilidhani aliutupa. Kumbe masika ya mwaka ule,
paa lilipotoboka juu ya godoro langu la utotoni,
hakuwa na bati jingine.
Akaupigilia, maandishi yakitazama gizani,
akaziba tundu kwa pesa za watu.
Nikalala pakavu
chini ya giaboksi ya Shekuwe.

Sikulia. Niliazima mkokoteni.
Bati likapiga kelele kwenye kila shimo la barabara,
watu wakiuliza, linauzwa?
Nikaliegemeza kwenye kaunta yake.

Shekuwe akavaa miwani. Akasoma polepole,
akapitisha kidole juu ya BADO
kama anayepima iwapo rangi ingali mbichi.
Kijana wa dukani akajifanya anahesabu nati.

"Mpimie," akamwambia, bila kunitazama.
"Yale ya kijani. Ishirini na nane."

Kisha, nikiwa mlangoni:
"Na hilo hutaliacha hapa?"

"Hapana, Bwana Shekuwe.
Kwa Kahindi sijafika."