Dakika Nane

Tanuri la duka letu, Mtaa wa Ishirini na Tano, Ogden,
limetegwa dakika nane.
Si tisa. Ya tisa ilikuwa ya biskuti za zamani,
zile zilizovunjika kwa kelele, kacha!
na kumwaga chenga kwenye shati la Jumapili.

Siku hizi watu wanataka laini.
Wanataka kitu kinachoinama kikiinuliwa,
kingo zimeshikana, katikati bado uji,
chokoleti inanata kwenye ncha za vidole.
Ijumaa usiku foleni inapinda hadi kwa kinyozi,
theluji juu ya kofia zao,
na hakuna anayeuliza: hii imeiva?

Baba yangu angeuliza.
Delmont Stoddard, fundi wa breki za treni,
alizoea kugonga biskuti ya mama kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayebisha hodi.
Ikiitikia, anakula.
Isipoitikia: "Irudishe motoni, Verlene."

Niliporudi kutoka misheni,
miezi saba badala ya ishirini na minne,
sanduku mkononi, tai bado shingoni,
hakunigombeza.
Alinitazama tu pale uwanja wa ndege
akamwambia mama, kana kwamba mimi ni trei,
"Huyu hajaiva."
Maili thelathini na tano hadi nyumbani, redio imezimwa.

Mbivu na mbichi zitajulikana.
Sawa. Lakini zitajulikana na nani,
na kwa jino gani?

Jumamosi iliyopita nikamwona kwenye foleni,
nyuma ya wasichana watatu waliobeba viatu vya kuteleza barafuni.
Koti la kazini. Kofia mkononi.
Wiki hiyo daktari alikuwa amemng'oa meno manne ya mbele,
mama alinipigia simu kunieleza,
ila hakusema kwamba angekuja.

Nikampa ya kwanza kutoka kwenye trei.
Akakunja kidole ili agonge,
kidole kikazama.
Akakitazama, cheusi hadi kwenye kiungo,
muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama mimi.
Akakilamba.

"Mbichi hii," akasema,
mdomo umejaa.

Nyuma yake watu wakasukumana kidogo.
Kengele ya dakika nane ikalia, nikageuka kutoa trei nyingine,
na nilipogeuka tena alikuwa bado pale,
ana chokoleti kwenye masharubu.
Akataka sita za kubeba.
Akahesabu sarafu moja moja, kama kawaida yake,
akavaa kofia,
akauliza huwa nafunga saa ngapi.