Wa Mbele Yako ni Wangapi?

Wrocław, saa kumi alfajiri, baridi inang'ata masikio,
duka la nyama halijainua pazia lake la chuma.
Mzee Gerwazy anapita na daftari, na penseli ya kulambwa,
anagusa bega, anagusa bega: arobaini, arobaini na moja,
na akishavuka bega hana habari nalo tena.
Namba moja tu mfukoni, inanenepa.
Hicho ndicho kitanzi. Hakichoki, hakikumbuki.

Mimi sikumngoja.
Nilimgusa mama wa mbele yangu:
"Samahani, wa mbele yako ni wangapi?"
Hakujua. Akamuuliza wa mbele yake maneno yaleyale,
naye wa mbele yake,
swali likaenda, mvuke kwa mvuke, hata sikulisikia,
na kila aliyeuliza akabaki amegeuka nusu,
kama aliyeshikilia mlango
kwa mgeni ambaye bado yuko ngazini.

Likamfika Bi Scholastyka, pua yake karibu na chuma.
"Mbele yangu? Hakuna."
Bila hilo "hakuna" tungeulizana hadi leo.
Mmoja, akasema wa nyuma yake. Wawili. Watatu.
Watu wakageuka, mmoja mmoja, wakaachiliwa,
na jibu likanifikia likinuka vitunguu: hamsini na wanane.

Kazini, mhandisi Zenobiusz alisoma programu yangu,
ile inayojiita yenyewe, akavua miwani.
"Halszka, mashine hii ina kumbukumbu ya kuku.
Utawasimamisha wapi watu wote hawa wanaosubiri?
Andika kitanzi."
Nikaandika. Mistari sita. Kilikimbia vizuri,
sina ugomvi nacho.

Ila Februari, Jumanne moja, niliuliza tena kwenye foleni
na swali halikurudi.
Mbele kabisa palikuwa na kigoda chake, kimefungwa kamba
kwenye kitasa, na theluji juu yake, haijakaliwa.
Mashine ingefurika, ingeanguka, ingetoa karatasi ya makosa.
Sisi tulisimama tu, tumegeuka nusu, shingo zinauma.

Gerwazy akaja. Akahesabu. Akalamba penseli,
akafuta jina moja juu ya ukurasa, hesabu ikatimia,
akaendelea na mabega yake.

Nyuma yangu mtu akanigusa.
"Vipi," akasema, "wamejibu?"