Misumari Mitano

Nyuma ya mlango wa chumba changu
pana misumari mitano.
Niliipigilia mwenyewe, kwa jiwe,
mwaka nilioajiriwa skuli,
na mkoba wa kutundika sikuwa nao hata mmoja.
Mize alicheka: "Shoga, watu huanza na ng'ombe
ndipo wakajenga zizi."
Nami nikamwambia, naanza na zizi,
nisije nikafuga nisichoweza kukilisha.

Na bado nilikosea, lazima niseme.
Nilikwenda Unguja kwa semina, nikapita Darajani,
nikauona mwekundu, una kikufuli cha shaba.
Elfu arubaini na tano!
Jina lililochapwa juu yake lilikosa herufi moja.
Mwezi mzima tukala muhogo, na mimi nautazama.
Kila nguo niliyovaa, ulinigomba.

Mweusi haugombi. Si mweusi wa kung'aa,
huo umefifia kidogo, kama buibui la siku za kazi.
Unachukua madaftari arubaini ya darasa la tano
na msala, ukiukunja vizuri.
Nilimtolea Makame wa mtumba, pale Chake, elfu tisa;
yeye alitaka kumi na tano.
Sikubishana. Niliukagua tu mbele ya wateja wake:
zipu nikaifungua, nikaifunga, mara saba,
mikanda nikaivuta kama anayepima mbuzi wa Idi,
nikatia pua ndani.
Harufu haidanganyi; uliolala na maji hujulikana.
"Chukua, mwalimu," akasema, "uniondokee."
Mfukoni mlikuwa na karatasi ya lugha nisiyoijua
na pini moja ya nywele.
Karatasi niliitupa.
Pini inanishikia ushungi mpaka leo.

Wa kahawia umenunuliwa na karafuu,
na rangi yake ni hiyo hiyo, ya karafuu iliyokaukia jamvini.
Usiku kumi na mmoja wa kuchambua kwa Bi Mkasi,
pishi kwa pishi, vidole vinawaka,
watoto wamelala juu ya magunia.
Ukivaa kijani, unakubali.
Ukivaa zambarau, unanyamaza.

Na ule mdogo, wa dhahabu ya uwongo,
hauingii kitu ila simu na hanchifu.
Nilipopata zamu yangu ya mchezo nilinunua mchele,
kisha unga, kisha mafuta, kisha huo.
Mwaka jana umekwenda harusi tisa.
Mimi nimekwenda nne.
Hurudi kutoka Wete una punje ya pilau,
kutoka Mtambile unanuka udi wa watu;
mara moja ulirudi na noti ya elfu mbili
na kila niliyemuuliza akaapa si yake.
"Mkoba wako unaalikwa kuliko wewe," Mize akanambia.
Mwache ualikwe.
Ngozi ya bandia ukiificha sana hubambuka.

Yule mwekundu nimebadilishana na Raya.
Kanipa mkoba wa ukili aliousuka mama yake, Micheweni,
milala ya rangi tatu, mikono imara,
na juu yake kuku.
Sokoni nakwenda nao, unapakwa magamba ya changu,
naukosha, naanika, kesho mpya.

Msumari wa tano hauna mkoba.
Wakiniuliza, nawaambia nangoja msimu.
Hapo natundika leso ya marehemu mama.
Mama hakupata kumiliki mkoba. Alikuwa na pindo,
fundo moja pembeni:
nauli, ufunguo, kidonge cha kichwa,
sumuni yangu ya skuli.
Fundo hilo hilo lilikwenda konde na hospitali,
harusini na matangani,
wala hakulichagulia nguo.

Nimeipiga pasi leso hiyo, sijui mara ngapi.
Pembe ile bado ina kikunjo.